Gari Nililouza kwa Faida, Nikamkuta Mke Wangu Ndani

Alhamisi, saa nne asubuhi, nilimwona mke wangu amekaa kwenye usukani wa gari nililouza siku nane kabla.

Sijakosea kuandika. Gari lilikuwa langu, nililiuza mwenyewe, na nilipata faida.

Pembeni yake alikaa mwanamume mwenye shati jeupe. Mkono wa mwanamume huyo ulikuwa juu ya usukani, karibu kabisa na mkono wa mke wangu, na wote wawili walikuwa wanacheka.

Mke wangu hana leseni. Na hakujua kama niliwahi kuwa na gari, kwa sababu nilimficha.

Sasa tulia nikusimulie, na usinihurumie kabla hujafika mwisho.

Mimi ni fundi vioo. Nakata vioo vya madirisha na kuunda fremu za alumini. Karakana yangu ina meza moja ndefu iliyotandikwa zulia kuukuu, na vidole vyangu vimejaa makovu. Mke wangu anashona mapazia nyumbani. Sebule yetu haina kochi, ina cherehani na mashine ya ovaloki, ile ya kumalizia pindo. Tuna pacha wa miaka sita, kwa hiyo mtaani ni Baba Pacha na Mama Pacha.

Maisha yalikuwa yanakwenda. Tatizo langu lilikuwa mwanyumba wangu.

Yeye kaoa dada mtu, mimi nimeoa mdogo mtu. Kwa umri namzidi miezi miwili, lakini kwa kuwa mkewe ndiye mkubwa, ananiita "mdogo wangu". Kila akiniita hivyo natabasamu huku roho inaungua.

Tunamwita Nailoni. Kazi yake ni kununua magari ambayo bado yananukia upya, ya miezi mitatu minne, na kuyauza tena. Dukani ukitaka jipya unasubiri miezi sita mpaka lije. Mwenye haraka yuko tayari kuongeza pesa apate lililopo leo. Nailoni anaishi katikati ya haraka za watu.

Jina limetokana na viti. Hatoi nailoni kwenye viti vya gari lolote, hata la kwendea msibani. Mkewe anashuka mgongo umelowa jasho, kimya, kama ametoka kufua.

Na ana ujanja mmoja. Gari haliandikishi kwa jina lake. Mwenye gari wa kwanza anatia sahihi fomu za kuhamisha, sehemu ya mnunuzi inaachwa wazi. Akipatikana mteja, jina lake ndilo linajazwa. Kwenye karatasi Nailoni hajawahi kuwepo, ada inalipwa mara moja, na gari linauzwa kama la mmiliki mmoja.

Nilimwonea wivu. Sitaki kupamba. Nilimwonea wivu viatu vyake, simu yake, hata namna anavyofunga mlango wa gari kwa kidole kimoja.

Tukienda kwa mama mkwe, yeye anaegesha mbele ya mlango. Sisi tunafika kwa miguu kutoka kituoni, nimembeba pacha mmoja, mwingine analia. Mama mkwe anampokea Nailoni kwanza, halafu ananigeukia mimi na kuniambia kuna kioo cha choo kimepasuka.

Siku moja tunarudi, gari la Nailoni likatupita. Mke wangu akaliangalia mpaka likakata kona, kisha akasema neno moja.

"Wenzetu."

Neno hilo lilikaa kifuani miezi miwili. Nakata kioo, nalisikia. Nanawa uso, nalisikia. Nikaona mke wangu anajuta kuolewa na mimi, na anatamani maisha ya dada yake.

Basi bahati ikaja na miguu yake. Mteja wangu mmoja, mpima ardhi, nilikuwa namfungia madirisha. Akaniambia amepata kazi nje ya nchi na anaondoka baada ya wiki mbili. Uani kwake kulikuwa na gari dogo la rangi ya fedha, la miezi minne, anataka kuliuza haraka.

Nailoni alishatuomba ndugu wote tukisikia gari kama hilo tumpigie, atatutoa kitu kidogo. Nilishika simu, nikaitazama, nikairudisha mfukoni.

Nilikuwa na akiba ya miaka mitatu ya kununulia mashine ya kusaga kingo za vioo. Nikaitoa yote. Mpima ardhi akatia sahihi fomu, sehemu ya mnunuzi ikabaki wazi. Nikalipeleka gari kwenye uwanja wa dalali mmoja anayeitwa Afya, kwa sababu kila gari analouza anasema lina afya. Nikanunua hata roli la nailoni, nikafunika viti upya mwenyewe. Usicheke.

Mke wangu sikumwambia. Nilitaka nimwekee faida mezani siku moja, nione uso wake.

Wiki ya pili Afya akapiga simu. Amepata mteja, mwanamke, amelipenda gari ila pesa imepungua. Anaomba apunguziwe kidogo.

Nikamwambia bei ni ileile.

Baada ya siku mbili akapiga tena. Yule mama amerudi mara tatu, na ana haraka, analitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Anaomba namba yangu aniombe mwenyewe.

Niliposikia ana haraka, nikawa Nailoni kamili.

"Usimpe namba," nikasema. "Na ongeza kidogo. Mwambie kuna mtu mwingine analitaka."

Afya akashusha sauti. "Kaka, huyu anasema itabidi auze kitu chake cha kazi."

"Akauze," nikamjibu. "Kila mtu anauza kitu."

Akauza. Pesa ikaja yote, Afya akakata chake, na faida iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko kazi yangu ya miezi mitano. Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa Nailoni, eti nimepita tu kusalimia. Nikamwambia juu juu kwamba nimeuza kagari ka fedha ka mpima ardhi, nikamtaja na jina, ka miezi minne, na kamelipa.

Nilitaka aumie. Akanipa mkono na kusema nimeanza vizuri, mdogo wangu. Nikarudi nyumbani nimenuna.

Sasa siku hizo hizo mke wangu alikuwa amebadilika. Simu ikiita anatoka nje kuipokea. Ovaloki haikuwepo sebuleni, nikauliza, akasema iko kwa fundi. Halafu mwenzangu wa karakana akaniambia, bila ubaya, kwamba kila siku saa nne anamwona shemeji akipanda gari la fedha na mwanamume pale nyuma ya shule.

Nilikuwa na wivu wa mali, sasa nikaongezewa wivu wa mke. Niliacha kioo nusu, sijakikata, nikapanda pikipiki mpaka nyuma ya shule.

Nikaona nilichokuambia pale mwanzo. Namba za gari nilikuwa nazijua kama za simu yangu.

Sikufikiri. Nikafungua mlango wa dereva na kumuuliza huyu ni nani. Sauti ilikuwa kubwa, wanafunzi wakaja kwenye uzio kutazama.

Mwanamume alishuka taratibu. Ana mvi, na shingoni amening'iniza kitambulisho cha chuo cha udereva. Akasema, "Mimi mwalimu wake, bwana. Tulikuwa tunajifunza kurudi nyuma."

Mke wangu aliegemea usukani. Hakukasirika. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyeangushiwa sahani mkononi.

"Umeharibu, Baba Pacha," akasema. "Zilibaki siku mbili."

Mwalimu akatuachia nafasi. Tukakaa ndani ya gari, mimi kiti cha abiria, nailoni inalia kila nikijisogeza, naye akanieleza yote.

Zamu yake ya kupokea pesa kwenye kikundi cha akina mama ilifika. Akaongeza akiba ya mapazia. Alitaka alilete gari nyumbani siku ya kuzaliwa kwangu, mwisho wa mwezi, aliendeshe mwenyewe mpaka mlangoni pa karakana, anipe funguo mbele ya mafundi wenzangu.

Nikamuuliza kwa nini hakupitia kwa shemeji yake Nailoni, angempunguzia.

"Ungelipanda wewe gari la Nailoni?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Mimi sina shida na gari," akasema. "Nimetembea kwa miguu tangu nizaliwe. Nilichoka kukuona unavyomtazama yule mtu. Tukitoka kwa mama huongei mpaka kesho yake. Nikasema nitafute hicho kinachomuuma mume wangu, nimpe, apone."

Nikamkumbusha ile siku aliposema "wenzetu". Alikunja uso kukumbuka. Alikuwa anamhurumia dada yake, akasema, kukaa kwenye nailoni miaka yote kama mzigo wa mtu.

Halafu akaanza kumsema mwenye gari. Alimwomba apunguze, akapandisha. Alimwomba namba tu, akamnyima. Ndipo alipouza ovaloki. "Hata sura yake siijui," akasema. "Kadi bado haijabadilishwa, ina jina la mtu aliyekwisha kusafiri. Lakini mtu yule ana roho ngumu. Mwenyezi Mungu amlipe."

Nikaitikia amina. Nakuapia, niliitikia.

Sikusema siku ile, wala iliyofuata. Nilipewa funguo, nikapigiwa makofi karakana, nikaendesha. Nilikuwa na gari, na pesa ya gari hilohilo iko kwenye begi juu ya kabati, imetoka kwa mke wangu, ukitoa kile alichokata Afya.

Jumapili tukaenda kwa mama mkwe. Tuliegesha mbele ya mlango. Mama mkwe alinipokea mimi kwanza, na sikufurahi hata chembe.

Nailoni akalizunguka gari. Akamuuliza mke wangu walilinunua kwa kiasi gani, naye akamtajia. Nailoni akaguna, akasema wamekamuliwa. Akauliza lilikuwa la nani, mke wangu akamwonyesha kadi.

Nilimwona akisoma jina la mpima ardhi. Akainua macho, akanitazama, nikatazama chini.

Nilijua sasa nimekwisha. Ningekuwa mimi, ningelitangaza pale pale, mbele ya mama mkwe, kwa miaka yote niliyomchukia.

Akakunja kadi, akamrudishia mke wangu, akasema ni gari zuri. Wengine walipoingia ndani akanivuta kando.

"Mwambie mwenyewe, leo," akasema. "Mimi shemeji yangu akiniuliza sitamdanganya."

Hakuniita mdogo wangu. Yule mtu ndiye niliyekesha nikimwombea afilisike.

Tulipokuwa tunarudi nikasimamisha gari pembeni ya barabara, pacha wamelala nyuma. Nikamwambia mke wangu, "Mwenye gari ni mimi." Nikamweleza kila kitu, akiba, fomu, simu za Afya. Sikuacha kitu.

Aligeuka akawatazama pacha. Kisha akauliza swali moja.

"Ulipoambiwa nauza kitu cha kazi, ulisemaje?"

Nikamwambia nilisema "Akauze."

Akashuka, akazunguka mpaka mlango wangu, akanifanyia ishara nihame kiti. Akaendesha yeye mpaka nyumbani, taratibu, bila leseni, mimi nimeshika magoti.

Faida yote nilimrudishia. Nikaenda kuitafuta ovaloki yake kwa aliyeinunua. Alikuwa ameshaona nina shida nayo, akanipandishia bei. Nililipa bila neno.

Hakuondoka. Pazia bado anashona, leseni ameshapata, na asubuhi ananipitisha karakana akienda kwa wateja wake. Tunaongea, tunacheka, siku nyingine anasahau kabisa. Nailoni kwenye viti aliichana yote kwa mkasi wa kushonea, akaniachia mimi nizoe vipande.

Watu wakisikia kisa hiki huniuliza kama biashara ile inalipa. Inalipa. Gari linalokaribia upya, mwenye haraka wa kuuza, mwenye haraka wa kununua, faida ipo. Ila mimi sikuingia kutafuta pesa, niliingia kumshinda mtu. Ukiingia na wivu huoni mnunuzi, unamwona yule unayeshindana naye tu, na mnunuzi unamkanyaga njiani.

Usiku ule wa Jumapili, kabla ya kulala, mke wangu aliniambia jambo ambalo sijaweza kulitoa kichwani mpaka leo.

"Naona unajuta kwa sababu ni mimi," akasema. "Kama angekuwa mke wa mtu mwingine, ungelala vizuri?"

Nikazima taa. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku hiyo, na jibu ni ndiyo. Ningelala vizuri kabisa. Hilo ndilo ninalolionea aibu, na ndilo lililonifanya niandike.