Leodegar Alivyoacha Kuoga

Nimekaa na waoga wengi maishani mwangu, lakini mwoga wa daraja la Leodegar sijapata kumwona tena. Alitoka Mahenge kuja Dar es Salaam wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitila, akapata kazi ya utarishi katika ofisi moja ya mjini. Yeye na mkewe Demetria walipanga chumba Buguruni, katika nyumba ambayo mimi, Tekla, nilikuwa mpangaji wa siku nyingi. Milango yetu ilitazamana. Kwa hiyo mengi ninayoyasema hapa si ya kuambiwa, niliyasikia kwa masikio yangu, na mengine kwa pua yangu.

Leodegar aliogopa mbwa, baiskeli na ngazi za ghorofa. Hebu niambieni, tarishi gani huyo? Barua ya kwenda mtaa wa pili aliipeleka kwa kuzunguka mitaa mitano, na ikiwa ni ya ghorofani alisimama chini akaita jina la mwenyewe mpaka ashuke. Zaidi ya yote aliogopa mumiani. Siku hizo mji mzima ulikuwa ukinong'ona kwamba kuna watu wanaokamata wapita njia na kuwanyonya damu ikafanyiwe dawa. Hakuna aliyewahi kumwona mumiani, ila kila mtu alikuwa na binamu aliyemwona. Buguruni ilikuwa bado mashamba na mikorosho, nyumba moja hapa, nyingine kule, na kwenye njia ya kwenda Vingunguti lilikuwako banda la mabati yaliyopakwa rangi nyekundu, lenye kufuli kubwa. Leodegar aliamua kwamba humo ndimo damu inamowekwa. Kumbe yalikuwamo masepeto na matoroli, lakini hilo tulilijua baadaye sana.

Demetria aliposhika mimba, woga wa mumewe nao ukanenepa. Akawa halali. Usiku alisali kwa sauti kubwa, "Damu yako Bwana, nilinde! Damu yako, Bwana!" na wapangaji wenzetu wa pwani, ambao mambo ya kanisani walikuwa hawayajui, waliposikia mtu anaita damu gizani walianza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Mwishowe akaenda kitubioni. Padre alikuwa mgeni, ametoka Ulaya juzijuzi, na Kiswahili chake alikuwa amejifunza kitabuni. Yaliyosemwa huko tuliyapata kwa Leodegar mwenyewe, maana alirudi amefurahi kama mtu aliyepandishwa cheo, akatusimulia neno kwa neno.

"Nimemwambia, Padre, mimi nina uoga mwingi. Naye akanijibu: Mwanangu, kuoga ni kubaya sana. Kuoga kunatoka kwa shetani. Mtu mwenye imani haogi. Mitume walioga ndani ya mashua, Bwana akawakemea. Kuanzia leo acha kuoga, umtumaini Mungu, na hakuna kitu kitakachokudhuru."

Mimi na wewe tunaona mara moja kwamba padre alitafuta uoga akaokota kuoga. Lakini wakati ule tulibaki tumekodoa macho.

"Padre kasema uache kuoga?" aliuliza Demetria.

"Kasema."

"Mpaka lini?"

"Hakutaja mwisho."

"Leodegar, hujasikia vizuri. Rudi ukamuulize."

"Mie nimbishie padre kitubioni? Na mitume katika mashua, amewatoa wapi kama si kwenye Injili?"

Hata kurudi asingeweza, kwa kuwa padre aliondoka wiki ileile kutembelea vigango vya mbali. Basi Leodegar akaacha kuoga. Mwanzoni tulicheka. Kisha hatukucheka tena. Kazini walimhamisha kiti kutoka ndani kwenda barazani, kutoka barazani kwenda nje ya geti. Kanisani alikaa benchi zima peke yake. Demetria alimtandikia mkeka ukumbini, nami nikaziba upenyo wa chini ya mlango wangu kwa gunia. Ila ubaya ni kwamba ile dawa ilifanya kazi! Mbwa mmoja mkali aliyekuwa akimfukuza kila asubuhi alimkaribia, akamnusa, akageuka akaenda zake. Wenye baiskeli walimpisha kwa mbali. Leodegar akaanza kutembea kifua mbele. "Mnaona?" alituambia. "Mungu ni mwaminifu." Nilitamani kumpiga na ndoo, tena iliyojaa maji.

Kwa watu wa pwani mambo yalizidi kuharibika. Mtu anaita damu usiku, na sasa haogi. Ikasemwa kwamba ana dawa yenye mwiko, na akigusa maji dawa inavunjika. Mpaka Demetria anakaribia siku zake, watu wa Buguruni hadi Vingunguti walikuwa wameridhika kwamba mumiani waliyemtafuta muda wote ni Leodegar.

Uchungu ulimshika Demetria Jumapili mchana. Nyumba ilikuwa tupu, wengine wote wamekwenda msibani Kawe. Nilimpenda Demetria kama mdogo wangu wa tumbo moja, nami nilikwisha kuona watoto wakizaliwa, kwa hiyo nilijipa moyo. Lakini mtoto alipoanza kuja, sikuona kichwa. Niliona kiguu, kidogo, kimelegea.  Mtu mmoja tu upande wetu wote alijua kumpokea mtoto wa namna hiyo, naye ni Bi Somoe wa Vingunguti, mkunga wa watu wa pwani. Mimi siwezi kumwacha Demetria peke yake. Aliyebaki ni Leodegar.

Nikatoka ukumbini. "Kamlete Bi Somoe. Usipomleta, utazika wawili."

Akageuka akatazama ile njia, nyeupe kwa jua la utosi, hakuna hata kuku.  Halafu akajigusa kifuani, kwenye uchafu wake, kama mtu anayehakikisha silaha ipo, akaondoka mbio.

Yaliyotokea huko, Bi Somoe na mumewe Mzee Mwishehe waliyasimulia miaka na miaka. Walikuwa wamejipumzisha baada ya chakula. Harufu ilibisha hodi kabla ya mtu. Bi Somoe akachungulia dirishani, akamwona mumiani mwenyewe amesimama uani kwake, anahema, macho mekundu. Akapiga komeo. Mzee Mwishehe akachukua mchi wa kinu akasimama nyuma ya mlango.

"Shikamoo, Bi mkubwa!" Leodegar alipiga kelele.

"Marahaba, ondoka!"

"Mke wangu anajifungua! Mtoto katanguliza mguu!"

"Muongo weye! Wataka damu yangu!"

Bi Somoe akaanza kusoma dua kwa sauti. Leodegar, aliposikia sauti nzito za kitu asichokielewa kutoka nyuma ya mlango uliofungwa, naye akaingiwa na hofu kwamba humo ndani mna mumiani, akaanza Salamu Maria kwa sauti kubwa zaidi. Wakasomeana hivyo, huyu nje, hawa ndani, kila mmoja akimfukuza mwenzake, mpaka Mzee Mwishehe akachoka kushika mchi.

"Jamani," alisema yule mzee, "mumiani gani analia?"

Na ni kweli, Leodegar alikuwa akilia. Bi Somoe akafungua dirisha kidogo.

"Sikiliza, mtu wa bara. Kama huna dawa ya mwiko, kisima hicho hapo, ndoo hiyo hapo. Oga mbele yetu. Ukioga, nakwenda. Usipooga, mie sitoki."

Mzee Mwishehe alisema hajawahi kuona mtu akitazama ndoo vile. Wewe unaweza kucheka, mimi pia nimecheka mara nyingi, lakini mfikirie. Kwa Leodegar ule uchafu ndio uliokuwa umesimama kati yake na kila kitu kinachouma, kinachong'ata na kinachonyonya. Alipewa kitubioni, ameujaribu, ameona unafaa. Akiuosha, atarudi kwenye njia ile, mbele ya lile banda, uchi wa kila kinga. Asipouosha, Demetria atakufa.

Akapiga magoti uani. "Mungu wangu," alisema, "hii ndiyo kinga uliyonipa. Naivua. Sina nyingine. Basi uje mwenyewe."

Kisha akajimwagia ndoo ya kwanza na nguo zake zote.

Mzee Mwishehe akaweka mchi chini akatoka na dodoki na kipande cha sabuni. Walimsugua kwa zamu, yeye mgongo, mwenyewe mbele, na kwa maji yaliyotoka pale, Bi Somoe aliapa, mchicha wake wa uani uliota mara mbili. Nguo zake zilibebwa kwa ncha ya kijiti. Alivikwa kanzu ya mzee, ikamfika magotini, na kwa kuwa mkunga hakutaka kubahatisha, alimfukiza ubani mbele na nyuma.

Wakashika njia, Leodegar mbele, Bi Somoe nyuma na mkoba wake. Kufika kwenye banda jekundu, Bi Somoe akasimama. Kumbe naye alikuwa akiliogopa miaka yote, hupita njia ya mbali! Akashika kanzu ya Leodegar kwa nyuma. Leodegar alitetemeka mpaka katambuga moja ya mpira wa gari ikamvuka mguuni, akaiacha hapohapo, akawa anasema kwa sauti, "Tunapita, Bwana. Ninaogopa, unaniona. Tuko wawili, na mmoja ni mkunga." Wakapita.

Walipoingia kwetu, Demetria alikuwa ameishiwa nguvu. Akafungua macho, akaona kanzu, akasikia ubani.

"Leodegar," alisema kwa sauti ya chini, "umesilimu saa hii?"

"Nimeoga," alijibu mumewe, na Demetria akaanza kulia.

Bi Somoe akamsukuma nje. Alifanya kazi yake kimya, mikono yake ikinionyesha pa kushika, na ilipokwisha alikuwa ameshika mtoto wa kike, wa buluu, kimya. Akamsugua, akampuliza, akampiga kikofi. Mtoto akalia. Nje nikasikia kishindo, nikajua Leodegar amekaa chini bila kutafuta kiti.

Padre aliporudi, Leodegar alikuwa wa kwanza kitubioni.

"Padre, nimekosa sana. Nimeoga. Kwa sabuni. Tena kwa hiari yangu."

 Padre akamwomba aseme tena. Halafu maswali yakafuatana, na waliokuwa wakingoja mabenchini walisikia kelele ya kicheko ikikatishwa kwa kikohozi, kisha padre akatoka mwenyewe kule ndani, uso mwekundu, akampa Leodegar mkono mbele ya watu. Jumapili iliyofuata alikuja nyumbani kwetu na sabuni ya kunukia na kuomba radhi kwa Demetria. Mtoto akabatizwa Auleria.

Msidhani woga ulimwisha. Mbwa alianza tena kumfukuza, ngazi hakupanda. Lakini tangu siku ile, mwanamke yeyote wa upande wetu akishikwa na uchungu, Mkristo au Mwislamu, aliyetumwa kwa Bi Somoe alikuwa Leodegar. Alikwenda kila mara akitetemeka, anamsemesha Mungu njia nzima, na watu majumbani wakisikia ile sauti inapita walisema, "Kuna mtoto anakuja."

Zamu yangu ya kujifungua ilipofika, mume wangu alikuwa safarini na mvua ya masika ilikuwa ikipiga. Leodegar akasimama mlangoni kwangu, anatetemeka mpaka bawaba zinalia. Nikamtazama, nikaacha kuogopa, maana nilimjua. Akitetemeka hivyo, ameshakubali kwenda.