Sauti ya Malkia Mwizi wa Saa

Mume wangu Neville Dunstan anaendesha treni ya miwa ya kiwanda cha sukari, na ukimwona mara ya kwanza utadhani ni mtu wa kugombana baa. Mabega mapana, ndevu nyekundu, mikono yenye grisi isiyotoka hata uisugue kwa sabuni ya unga. Basi mtu huyohuyo, ikifika saa kumi na moja jioni, hukaa kwenye kiti cha kamba barazani kwetu, akavaa miwani yake yenye mguu mmoja, akafungua kitabu kinene cha zamani, na kuanza kuongea kwa sauti ya punda. Nimeishi naye miaka kumi na miwili na bado sijazoea.

Nev hakuzaliwa msomaji. Alipokuwa darasa la nne, watoto walisoma kwa zamu, kila mmoja aya yake, wima mbele ya wenzake, na yeye alikuwa akikwama. Mwalimu wao, Bi Ailsa Hislop, alimvumilia mara mbili tatu, halafu ikawa zamu ikimfikia anasema, "Neville, wewe pumzika," na kumruka kwenda kwa mtoto wa nyuma yake. Akapumzishwa mwaka mzima. Aliacha shule ana miaka kumi na minne, na toka siku zile hakuwahi tena kusoma kwa sauti mbele ya binadamu yeyote. Alinisimulia habari hiyo tukiwa wachumba, huku anacheka. Mimi sikucheka. Nilimchukia yule mama kabla sijamtia machoni.

Kisha akazaliwa Renae, binti yetu wa kwanza. Mtoto ana wiki mbili, nikamkuta Nev amempakata, anamsomea maandishi ya kopo la maziwa, neno kwa neno, kidole juu ya herufi.

"Unafanya nini, wewe?"

"Namsomea. Huyu hawezi kunicheka."

Kutoka kwenye kopo la maziwa akahamia vitabu vya picha, na Renae alipofika umri wa kumcheka, baba mtu alikuwa ameshaiva. Akazaliwa Corey, mdogo wake, wasikilizaji wakawa wawili, wakaingia kwenye vile vitabu vikubwa vya zamani vyenye sura thelathini na zaidi, vile tunavyovinunua kwenye mnada wa kanisa vikiwa vimeliwa na mende pembeni. Sura moja kila jioni. Ukikohoa pabaya unafukuzwa barazani, hata kama ni mimi niliyepika.

Siri yake ni mazoezi. Treni ikisimama kusubiri mabehewa yajazwe miwa, Nev hutoa kitabu chini ya kiti na kuijaribu sura ya jioni, sauti zote, peke yake mle ndani. Mwaka juzi alikalia kitufe cha redio ya mawasiliano ya treni. Kiwanda kizima, kuanzia msimamizi hadi wapishi wa kantini, wakamsikia Malkia Mwizi wa Saa akipiga kelele: "Nirudishieni saa zangu, enyi panya wa mtaroni!" kwa dakika kumi na saba. Mpaka leo akiingia langoni walinzi wanaficha saa zao mifukoni.

Malkia Mwizi wa Saa ndiye aliyetuponza. Katika kitabu kile kuna malkia aliyeiba saa zote za mji ili pasiwe na mtu anayejua muda wa kulala, wa kula wala wa kufunga maduka, na watoto watatu wanaotaka kuzirudisha. Nev huazima sauti kwa watu wa hapa mjini. Meya wa kitabuni ana sauti ya muuza nyama wetu. Punda ni msimamizi wake wa kazi, na hilo halijulikani kiwandani, Mungu saidia. Na Malkia? Malkia ni Mwalimu Hislop mtupu: anavuta pumzi ndefu puani, anasema, "Mimi sisemi kitu, lakini..." halafu anasema vitu nusu saa bila kumeza mate.

Na Mwalimu Hislop anaishi wapi? Ng'ambo ya uzio wetu! Alistaafu akanunua nyumba hiyo miaka minane iliyopita. Nev akimwona huvua kofia, husema "Habari za asubuhi, Mwalimu" hata kama ni alasiri, na kukimbilia chini ya nyumba. Mwanamume wa kilo mia na kumi.

Sasa nyumba zetu za huku ni za mbao, juu ya nguzo, na madirisha ni vipande vya vioo ambavyo havifungi sawasawa. Jirani akipiga chafya unamwombea afya ukiwa kitandani kwako. Sijui kwa nini hatukulifikiria hilo. Jumanne moja, mvua inamwagika vile mvua ya huku inavyomwagika, Nev yuko katikati ya sura ya kumi na tisa, Malkia anatukana kwa raha zake, mimi nimeinuka kuchukua chai. Nikatazama ng'ambo ya uzio. Mwalimu Hislop amesimama pale pale kwenye uzio, mwavuli mkono mmoja, kopo la kumwagilia mkono mwingine, anamwagilia maua.

"Nev," nikanong'ona. "Nani anamwagilia maua mvua ikinyesha?"

Akainua macho kutoka kitabuni. Nikaona uso unampauka mpaka ndevu tu ndizo zikabaki na rangi.

"Kasikia," akasema.

"Labda amepita tu."

"Glenys, kopo lenyewe halina maji! Kasikia yote. Anahesabu makosa."

Pale pale akafunga kitabu, watoto watatu wa hadithi wakiwa wananing'inia kwenye mnara wa saa na kamba inakatika. Kesho yake akahamishia usomaji sebuleni, madirisha yamefungwa, joto kama ndani ya tanuri, sisi wanne tunatiririka jasho. Akasoma kwa kunong'ona. Meya, punda na Malkia wote sauti moja, ya mtu aliyeitwa ofisini kwa mkubwa.

"Baba, nani anaongea hapo?" Renae akauliza.

"Malkia."

"Hapana, huyo ni tangazo la posta."

Na hapo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani kwangu. Nev akakwama. Neno la kawaida kabisa, neno alilolisoma mara elfu, likamshinda. Akalirudia, likamshinda tena. Kidole kikashuka juu ya herufi, kama siku za kopo la maziwa. Corey akadhani ni mchezo, akacheka. Nev akavua miwani, akasema, "Nadhani tupumzike na vitabu kidogo, eh? Televisheni nayo ina mambo."

Neno lile "tupumzike" lilinichoma. Siku tatu kitabu kikakaa juu ya kabati na Nev akakaa mbele ya televisheni anatazama kriketi, mchezo asioupenda. Usiniulize nilikuwa najisikiaje. Nilitaka kuruka uzio nimvishe yule mama kopo lake kichwani. Kazi ya miaka tisa, mwanamume amejijenga mwenyewe herufi kwa herufi, halafu mtu anakuja kusimama kwenye mvua tu, hajasema hata neno, na yote yanabomoka!

Jumamosi, saa kumi na moja barabara, mlango ukagongwa. Nikafungua. Mwalimu Hislop, mwavuli unachuruzika, sahani ya skonzi imefunikwa kitambaa.

Akavuta pumzi ndefu puani. "Glenys," akasema, "mimi sisemi kitu, lakini..."

Nyuma yangu nikasikia kishindo. Renae na Corey wameanguka nyuma ya kochi, kila mmoja ameuma mto. Nev hakuwepo popote. Halafu nikaona miguu yake chini ya mlango wa friji. Ameufungua wote na kujibanza nyuma yake, eti anatafuta siagi.

"...lakini leo ni siku ya nne!" Mwalimu akaendelea, akiingia bila kukaribishwa. "Siku nne mmewaacha watoto wa watu wananing'inia kwenye mnara! Wamekufa au wako hai? Mimi silali!"

Nilikuwa nimeandaa matusi ya wiki nzima, hayakupata pa kutokea.

"Mwalimu, kumbe ulikuwa unasikiliza?"

"Nilikuwa namwagilia maua."

"Kwenye mvua ile?"

"Kuna maua yana kiu sana." Akaweka sahani mezani, akaikosa meza kidogo, nikaidaka. Ndipo akashusha sauti. "Macho yamekwisha, Glenys. Daktari anasema katikati pameharibika, naona pembeni tu. Wewe hapo nakuona masikio, uso sina habari nao. Nimesoma vitabu maisha yangu yote, sasa nimebaki na hicho chenu cha ng'ambo ya uzio. Halafu mkanifungia madirisha."

Nilimkasirikia miaka kumi na miwili, na wakati ule nikajikuta namvutia kiti. Moyo nao hauna msimamo.

"Neville," akaita kuelekea jikoni, "siagi iko mezani hapa. Njoo."

Nev akatoka kwenye friji ana barafu kwenye ndevu. Renae alikuwa ameshapanda juu ya stuli kukichukua kitabu. Akamwekea baba yake mapajani, akafungua pale pale kwenye kamba inayokatika, akamvalisha miwani mwenyewe. Nev akaweka kidole kwenye mstari. Akaanza. Kamba, mnara, upepo, akapita vizuri, pole pole. Akafika kwa Malkia, akasoma maneno yake kwa sauti ya mtu anayesoma risiti ya umeme.

"Siyo hiyo!" Corey akapiga kelele.

"Leo Malkia ana mafua, mwanangu."

"Muongo! Hajapata mafua! Baba, fanya sauti yake!"

"Corey, nyamaza ule skonzi."

"Mtoto ana haki," Mwalimu Hislop akasema. "Mbona umembadilisha? Yule mwingine ndiye mtamu. Mfanye yule."

Nev akanitazama. Nikatazama dari. Ningefanya nini? Akavuta pumzi ndefu puani, kama mtu anayejitupa mtoni bila kujua kina chake, akasema kwa sauti kamili, ile ya kiwandani, ile ya redio: "Mimi sisemi kitu, lakini nirudishieni saa zangu, enyi panya wa mtaroni!"

Renae alikuwa mwekundu kwa kuzuia kicheko. Mwalimu akakaa sawa kwenye kiti, shingo juu. Nikaanza kuhesabu hatua za kwenda mlangoni.

Akajipiga paja. "Enid!"

"Nani?" tukauliza wote kwa pamoja.

"Enid! Dada yangu Enid, wa kule mjini Toowoomba! Ndiye mzimamzima! Hivyohivyo ndivyo anavyoongea, kiburi kimejaa, hana breki! Tangu siku ya kwanza nasema pale uani, huyu Neville amemjuaje Enid?" Akacheka mpaka machozi, mpaka akalazimika kushika meza. "Nilimwambia juzi kwa simu, nikamwambia Enid, mimi sisemi kitu, lakini kuna malkia kitabuni mmefanana roho."

Watoto hawakuweza tena. Corey aliteremka chini ya meza akawa anapiga sakafu kwa ngumi. Mimi nikajifuta macho na taulo la vyombo.

"Nilibahatisha tu, Mwalimu," Nev akasema, kwa unyenyekevu ambao nitamkumbusha hadi tunazikwa.

Kutoka hapo ikawa sherehe. Tulifungua madirisha yote. Punda akalia, Meya akabembeleza, Malkia akatukana ukoo mzima, na kila akitukana Mwalimu anashangilia, "Mpe, Enid!" Sura ya ishirini ikaisha, watoto wakaokoka. Ya ishirini na moja ikaisha. Soseji zangu ziliungua jikoni, hakuna aliyesikia harufu. Kufikia mwisho wa sura ya ishirini na mbili sauti ya Nev ilikuwa inakwaruza, akawa anameza chai baina ya mistari.

Mwalimu Hislop akaweka kikombe chini.

"Umechoka sasa," akasema. "Neville, wewe pumzika."

Sidhani kama alikumbuka. Alilisema kwa wema, kama unavyomwambia mtu aliyebeba mzigo wako mbali. Lakini mimi nilisimama na sahani mkononi nikashindwa kusogea, na watoto, wasiojua lolote, wakatutazama mmoja mmoja.

Nev hakukiinua kidole kutoka ukurasani. Masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto wa darasa la nne.

"Sijachoka, Mwalimu," akasema.

Mwalimu Hislop akageuza kichwa pembeni, maana ndivyo anavyoona watu siku hizi, akamtazama kwa muda mrefu. Uso wake ukabadilika kidogo. Hakuvuta pumzi puani.

"Basi soma," akasema.

Nev akafungua sura ya ishirini na tatu. Kwenye mstari wa kwanza tu akakwama, neno refu, akalirudia, likagoma. Hakuna aliyemruka. Mwalimu akasubiri, mikono mapajani, nasi tukasubiri naye, mpaka akalipata.