Panga la Ojok na Gogo la Lulu

Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, Ojok alichukua panga alilolimaliza jana yake, akajinyoa nalo mkono wa kushoto. Hakuwa anajipamba. Panga lisiponyoa vinyweleo halikuuzwa, lilirudi kwenye jiwe la kunolea. Kwa hiyo mkono wake mmoja ulikuwa na nywele kama wa mwanamume yeyote, na wa pili ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga. Pale sokoni Konyo Konyo watu walimtambua kwa mkono huo.

Mama yangu, Norah, anauza chai mkabala na rakuba yao, nguzo sita na mabati juu. Ndiyo maana haya yote niliyaona. Rakuba ilikuwa ya Mukasa. Mukasa katoka Masaka, Ojok katoka upande wa Kitgum, na waliingia Juba mwaka mmoja. Mukasa alikodi mahali, akanunua makaa na springi za malori mabovu, akaongea na wateja. Ojok alifua chuma. Ndivyo walivyogawana, na kwa miaka mitano ilikuwa sawa, mpaka watu wakaanza kusema "panga la Ojok". Hakuna aliyesema panga la Mukasa.

Mukasa hakulipenda hilo, na hakulificha. Mtu akija kuuliza fundi yuko wapi, alimjibu kwamba fundi ni huyu anayelipa pango, yule mwingine ni nyundo tu. Ojok alisikia, akaendelea kupiga chuma. Kuna siku walishinda pale toka asubuhi hadi jioni bila neno, wakipeana koleo bila kutazamana.

Halafu akaja Sakariye. Huyu ni Msomali aliyekulia Nairobi, ana duka la vifaa karibu na soko la samaki. Mapanga yake ya kiwandani yalikuwa yanapinda kama bati, na wateja wa mtaa wa Mangateen walikuwa wanarudi kuyatupa mezani kwake. Akamwambia Ojok amtengenezee panga moja kubwa, nene, la kupasua kuni na kufyeka msitu, na Jumamosi atakuja kulijaribu mwenyewe. Likipita, nyuma ya stoo yake kuna nafasi yenye mlango wake; Ojok aweke moto wake pale, amfulie yeye. Yote hayo aliyasema Mukasa akiwa amesimama katikati yao, kana kwamba Mukasa naye ni nguzo ya rakuba.

Ojok aliitaka ile nafasi. Alimwambia mama, na si mtu wa kusema mambo yake, kwamba amechoka kula na mtu anayemhesabia matonge. Wiki ile alifua springi moja tu. Alilirudisha panga motoni mara nyingi, akalizima kwenye oili chafu ya gari, siyo maji, maana maji yanaweza kukipasua chuma cha springi. Mpini akaufunga kwa ngozi ya ng'ombe. Lilikuwa refu kama mkono kutoka kwapani hadi kwenye vidole.

Jumamosi saa sita Sakariye alifika. Mukasa alikuwa amesema gogo la kujaribia atalileta yeye, na tulishangaa kumwona mkarimu. Alilivingirisha kutoka kwa wauza kuni, gogo bichi, nene kama mtungi, ganda lake limepasuka vipande vya mraba kama ngozi ya mamba. Akalisimamisha mbele ya Ojok, akarudi nyuma, akakunja mikono.

Lilikuwa gogo la lulu. Siyo lulu ya kuvaa shingoni. Ni ule mti ambao tunda lake linatoa mafuta ya kupikia na kujipaka.

Ojok alilitazama, akashusha panga.

"Hii mimi sikati," alisema. "Leta mkwaju, leta mwarobaini, leta ingine yoyote."

Mukasa aliwageukia watu. "Si mnaona? Panga ya kunyoa nywele hiyo. Ikiona mti inaogopa."

Watu wakacheka. Mwenye boda mmoja akasema basi fundi aletewe mgomba, au tango. Ojok aliwaacha wacheke, kisha akaeleza, taratibu, akimtazama Sakariye peke yake. Wakati wa vita, mashamba yao yalipoungua wakawekwa kambini, mama yake aliokota matunda ya mti huu, akakamua mafuta, akalea watoto saba. Kwao, mtu anayeuangusha huhesabiwa amemkata mama yake titi. Mukasa aliyajua hayo yote. Ojok alimweleza mwaka wao wa kwanza, siku alipokataa kukalia kigoda cha mti huo.

Sakariye alisema amekuja kuona chuma, hadithi za nyumbani atazisikia siku nyingine. "Mimi sina siku nzima, fundi. Unakata ama hukati?"

"Sikati."

"Basi mwenye kukata akate."

Mukasa akalinyakua panga. Mimi nilitazama kifundo cha mkono wake, na niliona anachotaka. Hakupiga kama mtu anayepasua kuni. Alipiga kwenye fundo la mti, kwa upande, huku anapinda, kama mtu anayetaka kitu kivunjike. Panga likaingia. Akapiga tena, akapinda tena. Utomvu mweupe kama maziwa ukatoka, ukamrukia shati. Ojok aligeuza uso, akatazama mabati. Mukasa alipiga mpaka jasho likamwingia machoni, na gogo likapasuka vipande viwili, na panga halikuwa na pengo hata moja.

Sakariye alilichukua, akapitisha kidole, akachana ukanda wa boksi. Ukakatika bila sauti. Akaitika kwa kichwa kidogo, akamwambia Ojok nafasi ni yake, aanze Jumatatu. Akamwambia yeye hajali Ojok anakata mti gani na anauacha upi, mradi wateja wakate.

Watu wakaanza kuondoka. Mukasa alibaki amesimama juu ya gogo lake, shati lina madoa meupe. Sauti yake ilikuwa ya chini sasa.

"Nenda basi. Lakini hujauliza moto yako ilikuwa inakula nini."

Ojok akamtazama.

"Hii moto kali ya mwaka huu, ulifikiri imetoka wapi? Toka kiangazi nakununulia makaa ya lulu. Nilimwambia mwenye kuuza avunjevunje, wewe usijue. Kila panga umefua, umefua juu ya mama yako."

Ojok alikwenda nyuma yaliko magunia ya makaa, akapasua moja chini kabisa, akaingiza mkono mpaka kwenye bega. Akatoa bonge moja lililosahauliwa, lina ganda bado, na ganda lina ile miraba. Akalivunja, akalinusa.

"Yote?" aliuliza.

"Yote."

Sakariye alisema makaa ni makaa, kule kwake Ojok atanunua anayoyataka mwenyewe. Alisema kwa upole, na alikuwa na haki. Lakini Ojok alilitazama lile panga mkononi mwa Sakariye kama mtu anayetazama sahani aliyokwisha kula, ndipo akaambiwa ilikuwa nyama gani.

"Asante, mzee," alisema. "Mimi hapana."

Alivua aproni yake ya ngozi, akaiweka juu ya fuawe. Nyundo zilikuwa zake, alikuja nazo kutoka kwao, hakuchukua hata moja. Alipopita kwetu mama alimnyooshea kikombe. Akamwambia, "Dada Norah, kaa salama," akapita. Wenye boda walimwita, hakupanda. Alikwenda kwa miguu kuelekea mtoni, ule mkono wenye makaa ameuweka mbali na mwili, usiguse nguo.

Mukasa alipaza sauti kwamba njaa itamrudisha.

Jumatatu Mukasa aliwasha moto mwenyewe. Ojok hakurudi Jumatatu ile, wala nyingine.