Mkono Ambao Baba Hakuutoa

Nikisikia harufu ya dawa ya josho, hata leo, mimi huziba pua. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya ng'ombe wetu katika shamba la mzungu, nje kidogo ya Kitale. Baba alikuwa skwota. Alilima mahindi ya bwana, naye akaruhusiwa kufuga ng'ombe wake. Kisha ikatoka amri kwamba ng'ombe wa maskwota wote wauzwe.

Baba hakuwa msemaji, lakini watu walimsikiliza. Aliwaambia waache panga na fimbo nyumbani, waende shambani siku ya kuvuna, wakae chini, wasiguse hindi hata moja mpaka ng'ombe waachwe.

"Ati tukae?" jirani mmoja akamcheka. "Kwani sisi ni kuku wa kuatamia, Wafula?"

Hata yeye alikuja akakaa.

Walikaa kama tulivyokaa kanisani. Ibada yetu ilikuwa ya kimya, haikuwa na amina ya mwisho. Ilikwisha mzee wa mbele alipogeuka kumpa mkono aliye karibu naye. Kabla ya hapo, hata mtoto aliyebanwa na mkojo hakuinuka.

Bwana alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Askari walisita, wakangoja watu wamalize kusali. Aliyetoboa siri alikuwa nyapara, kaka yake mama, mjomba wangu aliyezoea kunibeba mabegani. Alimweleza bwana kwamba Wafula akitoa mkono, wote watasimama. Bwana akasema basi autoe.

Mjomba akachuchumaa mbele ya baba. "Shemeji, nipe mkono. Si ni salamu tu? Twende nyumbani."

Baba akakunja ngumi.

"Wafula, bana, watanimaliza mimi pia."

"Basi kaa hapa kando yangu," baba akasema.

Mjomba hakukaa. Aliubana ule mkono wa kulia juu ya jiwe, na askari akaugonga kwa rungu, kidole baada ya kidole. Mimi na mama tulikuwa ukingoni mwa shamba. Nilisikia. Ilikuwa kama mtu anavunja mabua makavu. Hakuna aliyeinuka kumsaidia, maana ndivyo baba alivyowaagiza, na siku hiyo niliwachukia wote, yeye wa kwanza.

Waliburutwa mmoja mmoja hadi kwenye lori. Ng'ombe waliswagwa hadi mnadani. Baba alipotoka jela tulihamia Bungoma, na mama akawa anamlisha ugali, kwa kuwa vidole vilipona vibaya naye hakutaka kula kwa mkono wa kushoto. Mjomba alipokuja kuomba radhi, baba alimkaribisha kiti. Mama alitoka nje.

Baba alipozikwa, mkubwa mmoja alisimama akasema Wafula alishinda bila damu kumwagika. Damu ilimwagika, niliiona. Wala hatukushinda. Utotoni niliamini kwamba baba alidhani mzungu atalegea, akakosea, nasi tukaumia kwa kosa lake.

Baada ya mazishi, mama aliniambia jambo huku akichambua mboga, bila kuinua macho. Asubuhi ya siku ile ya kuvuna, baba hakukamua. Aliwafungulia ndama wote, wakanyonya mpaka wakaacha wenyewe, naye akasimama akiwatazama. Alijua ng'ombe wanakwenda. Kisha akanawa uso, akaenda kukaa.