Mwangaliaji wa Soko la Wandegeya

Sikulazimishi uamini, lakini haya yalinipata mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Nilikuwa nasomea saikolojia. Utafiti wangu ulikuwa kuwaangalia wachuuzi wa Wandegeya wanavyopatana bei na wateja, bila kuwauliza chochote. Kazi nyepesi? Kila nikifungua daftari, sauti zilishuka. Walidhani nawapeleleza kwa niaba ya askari wa jiji. Wiki tatu zikapita sina kitu, na msimamizi wangu alishanionya kwamba nitarudia mwaka.

Ndipo mama mmoja aliyevaa gauni la gomesi la kijani akakaa kando yangu, kwenye benchi la fundi cherehani. Akachungulia daftari.

"Umeandika 'amekasirika'. Hasira umeiona wapi, mwanangu?"

"Usoni, mama."

"Uso ulifanya nini? Andika hicho."

Nikatazama tena. Muuza nyanya alikuwa amebana midomo, anarudisha nyanya mbili kwenye fungu. Nikaandika hivyo. Tulikaa siku tano, na niamini, sijapata mwalimu kama yule. Alimjua mteja atakayerudi kwa kutazama nyayo zake tu. Tena akiwa kando yangu, hakuna mchuuzi aliyenyamaza, kana kwamba hata mimi wamenisahau.

Siku ya tano nikamuuliza, "Mama, unawezaje? Wala hawajali kuwa unawatazama."

"Nimekaa sana hapa," akasema. Kisha akanisimulia habari zangu mwenyewe: viatu nilivyokuja navyo siku ya kwanza, na mara mbili nilizolia nyuma ya mikungu ya ndizi nikidhani niko peke yangu. Yote kweli.

Fundi akasimamisha cherehani. "Nyabo, dada yangu, siku zote hizi unaongea na nani?"

Nikageuka nimwonyeshe. Mpagazi mmoja akatua gunia la viazi mapajani mwa yule mama, na gunia likampita, likagonga mbao za benchi. Yule mama akanitazama kwa upole, kisha hakuwepo.

Nikamweleza fundi mimi ni nani na natafuta nini. Akawaita wachuuzi, wakacheka sana kwamba walinidhani mpelelezi, na kuanzia kesho yake wakaniacha nikae niwatazame. Msimamizi alisema hajasoma maelezo safi namna ile.

Namshukuru yule mama. Lakini hadi leo, nikiwa peke yangu chumbani, nakaa kama mtu mwenye mgeni anayemtazama. Kwa hiyo wewe unayekwenda kuangalia watu, waambie kwanza. Usiwaachie hali hii.