Gauni Lililoandikwa Mgongoni

Mimi ni fundi cherehani, na nguo zangu huongea kuliko mimi. Hapa Bukoba salamu hazina haraka: habari za nyumbani, za watoto, za migomba, halafu mnaanza upya mkiwa bado mmeshikana mikono. Mimi salamu moja inanitosha, na mkono wa mtu ukikaa sana kwenye wangu mwili wote unawasha. Kwa miaka mingi niliitwa mwenye dharau.

Daktari aliponiambia nina usonji nilikuwa mtu mzima, umri ambao watoto kama mimi hufichwa chumbani umeshapita. Nikarudi kwenye cherehani nikadarizi blauzi: "Salamu ya kwanza niliisikia." Ya pili: "Sikutazami, lakini nakusikiliza." Iliyopendwa zaidi sokoni ni ya tatu: "Nina usonji, na mimi ni Mhaya. Lazima nijisifu." Watu walicheka, maana sisi Wahaya tunajulikana kwa majivuno, kisha wakauliza, na mimi nikawajibu. Nilifurahi, sifichi.

Ndipo binti wa kaka yangu akapata mchumba kutoka Muleba. Binti huyo alikaa kwangu miaka yote ya sekondari, akazoea nyumba yenye maneno machache. Akataka mimi ndiye niwapokee wageni kwa kahawa na kumtoa ndani siku ya kujitambulisha, kama shangazi anavyotakiwa. Baba yake akaja dukani kabla ya siku hiyo, akasimama mlangoni. Anajua sipendi mtu aegemee mashine.

"Dada, wakwe wanakuja kuutazama ukoo," alisema. "Wakisikia kuna hali hiyo kwetu, watasema watoto watairithi. Watageuza gari warudi Muleba."

"Wanaweza kuirithi kweli," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakuomba unyamaze."

Nilikasirika mpaka nikauacha mshono katikati. Kunyamaza nimenyamaza tangu utotoni, na hakuna aliyenipenda zaidi kwa hilo. Nikamwambia ama nije na nguo yangu, ama atafute shangazi mwingine. Shangazi mwingine hakuna. Baba yetu alizaa binti mmoja tu. Kaka akavuta pumzi.

"Basi nisione maandishi kifuani kwako ukiwa umepiga magoti mbele ya wakwe zangu. Hilo tu."

Nikakubali, na nilimaanisha. Mimi husikia maneno kama yalivyosemwa. Alisema kifuani, nikaandika mgongoni.

Wageni walifika Kashozi, nyumbani kwa kaka, wakakaa upande mmoja wa sebule, sisi upande wa pili. Niliingia na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, nikapiga magoti mbele yao, macho chini. Nilijisikia vizuri. Kwa mila yetu mwanamke anayesalimia wakubwa hawakodolei macho, kwa hiyo siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa na adabu kuliko wote. Sikukumbuka kwamba nikiwatazama wageni, mgongo wangu unawatazama ndugu zangu.

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa mke wa kaka. Kikafuata cha binamu, kikabanwa, kikatokea puani. Kisha upande wetu wote ukawa unakohoa.

Mshenga wa Muleba, mzee mwenye koti zito, akaurudisha mkono uliokuwa unaelekea kwenye kikapu. "Waitu, jamani, tumekuja kwa heshima," alisema. "Mbona mnatucheka?"

Sebule ikapoa. Binti alikuwa chumba cha pili akisikia kila kitu. Nikafungua mdomo niseme, kaka akaniwahi. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Hatuwacheki nyinyi," alisema. "Tunacheka gauni la dada yangu. Limeandikwa mgongoni." Akasoma kwa sauti, yeye mwenyewe aliyenikataza: "Shangazi ana usonji. Ukaidi ni wa ukoo mzima."

Hakuna aliyecheka upande wa Muleba. Mama wa mchumba akauliza polepole, "Kwa hiyo huo usonji upo kwenye ukoo wenu?"

Nilijua swali hilo ndilo kaka alilokuwa akilikimbia. Angeweza kusema ni utani wa mafundi. Ningemsamehe, labda baada ya muda mrefu.

"Upo," alisema. "Upo kwa huyu hapa, na binti mnayemtaka amelelewa na huyu hapa. Kama mmempenda, mmependa kazi ya mikono yake."

Alikuwa hajawahi kusema hivyo mbele yangu, wala nyuma yangu kwa ninavyojua. Machozi yalinitoka nikayaacha.

Mama yule alichukua punje mbili za kahawa, akatafuna, akafikiri. "Basi kamlete tumwone," akaniambia.

Nikainuka, nikawageuzia mgongo, nikatembea taratibu kuelekea chumbani ili hata wazee wasioona vizuri wapate kusoma.