Tela Uani kwa Mama Mkwe

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, mimi na mke wangu tuliishi ndani ya tela. Lilikuwa sanduku la mbao lililovikwa bati, urefu wake hatua saba na upana hatua tatu, lenye magurudumu mawili na dirisha moja kila upande. Nusu ya mbele ilikuwa ya dawa: kabati la chupa, meza ya kuchemshia sindano, na benchi la mgonjwa. Nusu ya nyuma, ng'ambo ya pazia, ilikuwa yetu. Landrova ya misheni ilitukokota kutoka Masasi hadi Lupaso, kutoka Lupaso hadi Chiwata, kisha ikatupandisha ule mlima wa Newala mpaka Chilangala, tukitibu buba, vidonda na macho.

Mimi nilikuwa dresa, mfunga vidonda na mpiga sindano. Mke wangu hakuwa na cheo, lakini ndiye aliyejua nani amerudi kwa sindano ya pili na nani amejificha shambani. Dereva wetu alikuwa mtu mzima aliyepigana Burma, naye alilala katika hema lake mwenyewe, akisema ametosheka kulala na chuma.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu kwetu. Mwanamume akioa, huhamia kwao mke. Hujenga nyumba katika uwanja wa mama mkwe, na uwanja huhesabiwa kuwa una watu kwa sababu una nyumba za mabinti. Mama mkwe wangu wa Chiwata alikuwa na binti mmoja tu. Wanawe wawili wa kiume walikuwa wameshaoa, wakaenda kujenga kwa wakwe zao. Kwa hiyo nyumba iliyotazamiwa kusimama uani pale ilikuwa moja, nayo ilikuwa juu yangu.

Sikuijenga. Nilipooa nilikuwa mtumishi wa misheni, leo huku, kesho kule, na tela lilikwisha letwa. Nikasema, "Tutalileta hapa. Kila tukipita Chiwata tutalala uani, na kipindi chote cha mvua, njia ya Newala ikiharibika, tutakaa hapa hapa." Hakuna aliyepinga. Nilikuwa mtu wa kuvaa viatu, na watu wenye viatu wakati ule walisamehewa mengi.

Mama mkwe alilipokea tela kwa heshima zote za nyumba. Alisawazisha ardhi mahali pa kuliegesha. Kila asubuhi aliinama na kufagia chini yake, kati ya magurudumu. Mvua zilipoanza alipanda maboga pembeni, na ubavuni akasimamisha baraza ya miti na nyasi, akaifunga kwa kamba za magome kwenye vyuma vya tela. Jirani mmoja aliyependa utani alimpigia kelele kutoka njiani.

"Mama, nyumba ya binti yako ina mipira ya gari!"

"Ya binti yako ina mchwa," alijibu bila kuinua kichwa.

Kamba zile zilituaibisha mwaka wa kwanza. Mvua zilikwisha, dereva akaunganisha tela na Landrova, mimi nikahakikisha chupa zimefungwa, tukaondoka. Kila mtu alidhani mwingine ameifungua baraza. Ilitufuata yote, miti, nyasi na kuku aliyekuwa akiatamia, mpaka karibu na barabara kubwa. Mama mkwe alikimbia nyuma yetu ameshika kanga kifuani.

"Mwambie mumeo asimame!" alimwita mke wangu, ingawa nilikuwa nimetoa kichwa dirishani na tunatazamana. "Mwambie anaburuta nyumba ya watu!"

Ndivyo alivyozungumza nami siku zote. Mimi mkwewe, nilimwamkia kwa mbali nimechuchumaa, "Shikamoo, mama," naye aliitikia "Marahaba" akitazama pembeni. Yaliyozidi hapo yalipitia kwa binti yake, hata kama tumekaa hatua tatu. Ilikuwa heshima, na sote wawili tuliizoea.

Mwaka wa nne, wakati wa kiangazi, Bibi Daktari wa misheni alitukuta Lupaso. Alizunguka tela, akabonyeza mbao za mlangoni, mahali pasipo na bati, kwa kidole gumba, kidole kikazama.

"Hili limechoka," alisema. "Kuna lori lililotoka jeshini. Fundi wa Lindi amejenga nyumba mgongoni mwake, vyumba viwili. Lichukue safari moja, uende Chilangala na kurudi. Ukilipenda ni lako, tela litauzwa. Usipolipenda, lori nitalipeleka kwingine na tela tutalitia viraka. Nataka jibu mwisho wa mwezi."

Mimi ni mtu wa utaratibu. Asubuhi nilifungua daftari, nikachora mstari katikati ya ukurasa, lori huku, tela huku. Upande wa lori ulijaa haraka. Mwaka uliopita, kati ya Newala na Chilangala, tela lilizama katika ule mchanga mwekundu mpaka kwenye ekseli. Tulichimba kwa sahani za kulia kuanzia asubuhi hadi alasiri, na wagonjwa waliokuwa wakitungoja walikuja kutusukuma, wengine wakiwa na vidonda miguuni. Dereva hakuhitaji daftari.

"Bwana Dresa, kukokota tela ni kumsindikiza mlevi," alisema. "Unapinda kushoto, yeye ana mawazo yake."

Tulilikokota tela mpaka uani Chiwata, tukaliacha pale, tukaondoka na lori, nalo likapanda mlima wa Newala bila kupumzika. Kwenye mchanga lilinguruma tu likapita. Nilikaa mbele na dereva, na kwa mara ya kwanza sikugeuka nyuma kuona kama nyumba yangu bado inanifuata. Nilikwisha amua moyoni kabla hatujafika.

Chilangala tulikuta foleni chini ya mikorosho. Ilipofika mchana, pipa la maji liliisha. Juu kule maji yalikuwa mbali, bondeni. Wanawake waliondoka na ndoo alfajiri na kurudi jua likiwa kali. Siku za tela, tulilifungua, likabaki na wagonjwa, na Landrova ikaenda kuteka. Sasa dereva aliwasha injini ya lori, na nyumba ikaondoka nzima, pamoja na kabati la dawa, sindano zilizokuwa zikichemka, na mke wangu aliyekuwa amejilaza ndani kwa kuumwa kichwa. Mimi nilibaki mchangani na bandeji mkononi.

Wagonjwa walilitazama lori mpaka vumbi likatua.

"Hospitali imekwenda kuoga," alisema bibi mmoja mwenye jicho lililofunikwa, na foleni yote ikacheka. Nami nilicheka, kwa kuwa hakukuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Walirudi saa tisa. Mke wangu alishuka amelowa, godoro kichwani.

"Nimekwenda kisimani nikiwa kitandani," aliniambia. "Mwambie Bibi Daktari hata malkia wao hajawahi."

Niliandika hilo upande wa tela, nikaona si kubwa. Pipa la pili la maji lingeondoa shida hiyo. Lakini mke wangu hakusema mengi siku zilizobaki, na tulipokuwa tukiteremka kutoka Newala, amekaa kati yangu na dereva, alisema, "Lori hili halitakaa Chiwata."

"Litakaa. Litaegeshwa pale pale kwa mama."

"Litaegeshwa usiku. Tela ulikuwa unaliacha ukienda vijijini kwa Landrova, mimi nabaki, nyumba inabaki. Hili ukilitia moto, nyumba imeondoka. Mama atafagia nini?"

Dereva alipiga honi mahali pasipokuwa na mtu. Nilimwona akilini mama mkwe ameinama na ufagio wake, na uwanja mtupu, na yule jirani njiani. Mwanamke mwenye binti mmoja na uwanja usio na nyumba ya binti. Kabla ya kufika bondeni nilikuwa nimebadili uamuzi, na nakiri kwamba nilijiona mtu mwema sana.

Siku ya pili yake tulikwenda Chiwata. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani, akipukuchua mbaazi. Tela lilikuwa limeegeshwa mahali pake, chini yake pamefagiliwa. Nilichuchumaa, nikaamkia, nikaketi kwenye kigoda upande, nikamwambia mke wangu kwa sauti ya kutosha:

"Mwambie mama nimepewa lori zuri, lakini nitalikataa. Tela litabaki hapa, kwa ajili yake."

Mikono ya mama ilisimama.

"Muulize mumeo," alisema, "nani alimwambia kwamba nalipenda tela."

Mke wangu alianza kuniuliza. Nilimwambia nimesikia.

"Mwambie mama, nimeona anavyolitunza."

"Muulize alitaka nilifanye nini? Niliache liote nyasi, watu waseme mwanangu amelala jalalani?"

Mke wangu aligeuka kwangu ili aniulize. Ndipo mama mkwe alipoweka ungo chini na kunitazama. Ilikuwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Nimefagia chini ya sanduku la misheni miaka minne. Siku wakilitaka wanalichukua, na wewe huna la kusema, na mimi sina. Umelala hapa mvua nne. Hujaniletea hata mti mmoja." Alionyesha kwa mkono pale tela lilipokuwa. "Lichukue hilo lori. Wenzetu wa juu wana shida, usiwacheleweshe kwa ajili yangu. Lakini kwanza nijengee nyumba ya mwanangu. Ya udongo. Niuache mlango jioni, niukute asubuhi."

"Naam, mama."

"Basi," alisema, akachukua ungo, akageuza uso pembeni kama kawaida. Mke wangu alikuwa ameinamia mbaazi, mabega yakimtetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Ulijua?" nilimuuliza tulipokuwa peke yetu.

"Tangu mvua ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara tatu. Mara zote uliniambia tela lina bati."

Ilikuwa kweli, na sikuwa nimeandika popote.

Nilikwenda Masasi, nikamwambia Bibi Daktari nalichukua lori, ila naomba ruhusa kabla ya kuanza nalo.

"Ruhusa ya nini?"

"Kujenga nyumba kwa mama mkwe."

"Lakini una nyumba."

"Ile ni yenu, Bibi."

Aliandika wiki tatu kwenye karatasi.

Siku waliyokuja kulichukua tela, mama mkwe alisimama mlangoni kwake na ufagio. Mahali liliposimama palikuwa pagumu na tambarare, pamepigwa na ufagio miaka yote ile, hata hapakuhitaji kushindiliwa. Tukachimba mashimo ya nguzo pale pale. Shemeji zangu wawili walikuja kutoka kwa wakwe zao na mashoka. Dereva alivaa kaptura ya jeshi, akakanyaga udongo akiimba nyimbo za kijeshi zenye maneno ambayo mke wangu alimwomba ayaruke. Mimi nilipewa kufunga fito, kazi ambayo vijana wa kwetu huijua kabla ya kubalehe. Yule jirani alikuja kila asubuhi kunitazama.

"Dresa, sindano unaijua," alisema. "Kamba hakukufundisha mtu?"

"Nilikwenda shule."

"Inaonekana."

Siku ya mwisho ya ruhusa nyumba ilikuwa imeezekwa na kukandikwa, ukuta wa nyuma bado mbichi. Lori lilikuwa limesimama njiani nje ya uwanja, dawa zimeshapakiwa, na Newala walitutazamia kesho yake asubuhi. Mke wangu alikuwa amepanga vyungu ndani, akaacha godoro moja, lingine akalipeleka kwenye lori. Alisema atafuatana nami juu safari hii, na mvua zikianza atashuka kukaa kwake. Alisema "kwangu" kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu.

Mama mkwe aliizunguka nyumba polepole. Alipiga ukuta kwa kiganja, akasikiliza, akasogea. Kwenye kona ya magharibi, kona niliyoifunga mwenyewe, alisukuma kwa bega. Kona ikaitika kidogo, na kipande cha udongo kikaanguka miguuni pake.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Alimgeukia binti yake.

"Mwambie mumeo," alisema, "kona hii airudie."

Nilivua viatu, nikaubomoa udongo, nikakata kamba na kuanza upya kutoka chini. Dereva alipiga honi mara mbili. Alipoona sinyanyuki, akazima injini.